Miwani dola 100, kisiwa bure: jinsi wakubwa wa Kanada wanavyobebana

Mwezi wa sita 2018 waziri mkuu wa Kanada, Justin Trudeau, alipigwa faini ya dola 100. Kosa lake ni kwamba alipewa zawadi ya miwani ya jua, pea mbili, iliyotengenezwa na kampuni moja ya Prince Edward Island, na hakuitangaza ndani ya muda ambao sheria inataka. Akalipa, yakaisha. Sasa rudi nyuma kidogo, Krismasi ya 2016, waziri mkuu huyohuyo na familia yake na marafiki wamekwenda kupumzika kwenye kisiwa binafsi cha Aga Khan huko Bahamas, wamepelekwa na helikopta ya Aga Khan, na wakati huohuo taasisi ya Aga Khan ya Kanada inapokea hela za serikali na imejiandikisha rasmi kufanya ushawishi kwenye ofisi ya waziri mkuu. Kamishna wa maadili wa wakati huo, Mary Dawson, akachunguza, Desemba 2017 akatoa ripoti kwamba sheria ya mgongano wa maslahi imevunjwa, tena vifungu zaidi ya kimoja. Ndo waziri mkuu wa kwanza kukutwa ameivunja sheria hiyo. Faini yake? Hamna. Hata senti moja.

Na si kwamba kamishna alimwonea huruma. Sheria yenyewe ndivyo ilivyoandikwa. Ukishindwa kutangaza kitu ulichotakiwa kutangaza unaweza kupigwa faini, na mwisho wake ni dola 500, lakini ukifanya kosa lenyewe, yaani ukipokea zawadi usiyotakiwa kupokea au ukampendelea mtu wako kwenye maamuzi ya serikali, kinachotoka ni ripoti tu. Ripoti inasomwa, waandishi wanaandika wiki mbili tatu, mheshimiwa anasema amejifunza, kazi inaendelea.

Sisi wa Afrika Mashariki huyu Aga Khan hatuhitaji kutambulishwa, hospitali ziko Dar, Nairobi, Mombasa, Kisumu, shule zipo, na magazeti ya Nation kule Kenya yeye ndo aliyeyaanzisha. Alifariki Februari 2025 na kazi zake zinaonekana, sina neno baya juu yake. Neno langu ni kwa waziri mkuu. Utetezi wake ulikuwa kwamba huyu ni rafiki wa familia, rafiki wa marehemu baba, na ni kweli kwenye mazishi ya baba huyo, Pierre Trudeau, naye aliyewahi kuwa waziri mkuu, mwaka 2000 Aga Khan alipewa heshima ya kuwa kati ya wasindikizaji wa jeneza. Sheria inaruhusu zawadi ya rafiki. Ila kamishna alipochimba akakuta kwamba kwa karibu miaka 30 Justin na Aga Khan hawakuwa na mawasiliano ya binafsi ukiacha hayo mazishi, urafiki ukaja kufufuka wakati kijana ameshakuwa kiongozi wa chama cha Liberal. Hapo ndipo penye kiini cha haya yote nnayotaka kuandika leo. Kanada kubebana kwa wakubwa hakuji na sura ya hongo, kunakuja na sura ya urafiki, na sheria za nchi hii zinauheshimu sana urafiki.

Naishi Ottawa, kodi inakatwa kila mshahara unapoingia, kwa hiyo haya mambo yananihusu. Nikiongea na ndugu zangu nyumbani wananiambia huko kwenu watu wamenyooka bwana, hakuna ujanjaujanja. Kwa mambo ya chini ni kweli kabisa, trafiki hakuombi chochote, leseni ya udereva unaipata kwa kufaulu mtihani, pasipoti inakuja kwa posta. Hilo nalithamini sana na sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini ulaji wa hapa uko juu, kwenye teuzi, kwenye tenda, kwenye sheria zinazotungwa kimyakimya kumnusuru mkubwa flani, na huko juu watu ni walewale, wamesoma pamoja, wazazi wao walifanya kazi pamoja, harusi zao wanaalikana.

Chukua mfano wa Dominic LeBlanc, waziri mzito wa miaka mingi. Baba yake, Roméo LeBlanc, alikuwa msemaji wa Pierre Trudeau kwa waandishi, baadaye akawa waziri, akamalizia kuwa Gavana Mkuu wa nchi. Dominic alipokuwa kijana alikuwa anaachiwa watoto wa Trudeau awaangalie, yaani huyo waziri mkuu wa baadaye amelelewa mikononi mwake. Mwaka 2018 LeBlanc akiwa waziri wa uvuvi akatoa leseni nono ya kuvua kombe wa bahari ya kaskazini kwa kundi ambalo mkuu wake mtarajiwa alikuwa binamu wa mkewe. Kamishna mpya wa maadili, Mario Dion, akasema umevunja sheria. Adhabu mnaijua. Alafu 2023 Dion akastaafu, serikali ikateua kaimu kamishna wa maadili, mtu wa kuwachunguza mawaziri, na aliyeteuliwa ni shemeji yake LeBlanc. Alikuwa mwanasheria wa siku nyingi kwenye ofisi hiyohiyo, huenda kazi anaiweza vizuri sana, lakini nchi ina watu milioni 40, mawakili wamejaa kila mji, na kiti cha kuwachunguza mawaziri kinakwenda kwa shemeji wa waziri ambaye ofisi hiyo ilishamkuta na hatia! Kelele zikapigwa, akajiuzulu baada ya wiki chache. Ambacho kinanisumbua mpaka leo ni kwamba kuna kikao mahali flani ambapo jina lile lilipita na hakuna aliyesema jamani hapa hapana.

Msidhani ni ishu ya chama kimoja. Nchi ilikuwa na miaka 6 tu ilipopata skendo yake ya kwanza kubwa, 1873, John A. Macdonald mwanzilishi wa taifa, waziri mkuu wa Conservative, alikutwa chama chake kimechukua hela za kampeni kwa tajiri Hugh Allan aliyekuwa anataka mkataba wa reli ya kwenda Pasifiki, na ushahidi ulikuwa telegramu yake mwenyewe akiomba aongezewe elfu 10 na ajibiwe siku hiyohiyo. Akajiuzulu. Miaka mitano baadaye wananchi wakamrudisha.

Na ipo ile ya 1984 ambayo Wakanada wa umri flani wanaikumbuka neno kwa neno. Pierre Trudeau anaondoka madarakani, anagawa vyeo kwa watu wa chama, vingine anamwachia mrithi wake John Turner akamilishe, wabunge wanapelekwa useneta, ubalozi, kwenye bodi. Turner akakubali. Tarehe 25 Julai kwenye mdahalo wa televisheni, Brian Mulroney wa Conservative akamgeukia, Turner akajitetea kwamba hakuwa na jinsi. Mulroney akamnyooshea kidole: ulikuwa na jinsi bwana, ungeweza kusema sitafanya hivi, hili ni kosa kwa Kanada. Turner akabaki anarudia palepale, sikuwa na jinsi. Nimeiangalia hiyo video na naelewa kwa nini iliua uchaguzi, maana uso wa Turner unaonyesha mtu anayejua kwamba mwenzake kasema kweli. Septemba Mulroney akashinda viti 211 kati ya 282. Baada ya hapo alifanya nini? Akagawa vyeo kwa watu wake bila kuchoka mpaka miaka yote tisa ikaisha. Na ni huyo Mulroney ambaye baada ya kutoka uwaziri mkuu alipokea kesh kwenye bahasha, hotelini, kutoka kwa mfanyabiashara Karlheinz Schreiber, yeye mwenyewe akikiri dola 225,000, na tume ya jaji Oliphant mwaka 2010 ikasema mwenendo ule haukufaa.

Akaja waziri mkuu Stephen Harper wa Conservative 2006, kapanda juu ya mgongo wa skendo ya Liberal ya Quebec ambapo mamilioni ya serikali yalipitia kwa kampuni za matangazo zenye ukaribu na chama, Mkaguzi Mkuu Sheila Fraser ndo aliyeianika na jaji Gomery akaichambua. Harper akaahidi usafi, na haki yake tumpe, alipitisha sheria ya uwajibikaji, michango ya makampuni na vyama vya wafanyakazi kwa wanasiasa ikapigwa marufuku moja kwa moja. Kwenye sheria hiyo kulikuwa na tume ya kusimamia teuzi za serikali. Mtu wa kwanza aliyempendekeza kuiongoza akakataliwa na kamati ya bunge, Harper akasusa, tume ikabaki kwenye karatasi, 2012 ikafutwa. Na huyu aliyekuwa anasema maseneta wachaguliwe na wananchi, Desemba 2008 aliteua 18 kwa mkupuo.

Sasa nije kwenye ile inayoniuma mimi zaidi, kwa sababu mbili, kwanza ilitokea kipindi cha korona, na pili inagusa nyumbani.

Aprili 2020 serikali inatangaza mpango wa kuwalipa wanafunzi watakaojitolea, dola 1,000 kwa kila masaa 100, mpaka dola 5,000 kwa mtu. Bajeti iliyotengwa ilikuwa dola milioni 912. Wale mnaojua maisha ya mwanafunzi hapa mnaelewa kipindi kile kilikuwaje, migahawa imefungwa, maduka yamefungwa, kibarua hakuna, na kodi ya nyumba haisubiri. Mwezi wa sita ikatangazwa kwamba mpango utaendeshwa na shirika la WE Charity la ndugu wawili, Craig na Marc Kielburger, na shirika lingelipwa mpaka dola milioni 43.5 kwa kazi hiyo. Bila ushindani wa wazi. Baadaye ndo ikajulikana kwamba mama yake waziri mkuu alishalipwa kama dola 250,000 kwa kuhutubia kwenye matukio ya WE, mdogo wa waziri mkuu naye kalipwa kama 32,000, na binti wa waziri wa fedha Bill Morneau alikuwa anafanya kazi hukohuko. Wote wawili, Trudeau na Morneau, walikaa kwenye baraza la mawaziri wakati jambo hilo linapitishwa. Hakuna aliyeinuka akatoka nje.

Na Kenya inaingiaje? WE walikuwa na shule na hospitali kule Narok, upande wa Maasai Mara, na wafadhili wakubwa walikuwa wanapelekwa kuona. Mwaka 2017 mke na binti wa Morneau walikwenda Kenya kwa mwaliko wa shirika, baadaye familia ikaenda Ecuador. Julai 2020 Morneau anakaa mbele ya kamati ya bunge ya fedha anasema asubuhi hiyo ameandika cheki ya dola 41,366 kulirudishia shirika gharama za safari. Miaka mitatu baadaye! Waziri wa fedha, mtu tajiri toka kwa baba yake, anasema hakuwa ametambua kwamba gharama zile hazijalipwa. Mimi nilisikiliza kikao kile na kitu kilichonikaa kifuani ni watoto wa Narok. Dawati la mtoto wa Kimasai, kisima cha kijiji, kitanda cha mama aliyejifungua, vyote vinakuwa mandhari ya wakubwa kufahamiana, wanarudi Toronto wakiwa marafiki, na rafiki anapewa kazi ya serikali. Shule zile zimesaidia watu, sikatai, kuna watu wamesoma pale. Lakini mtoto yule hakuulizwa kama anataka kuwa daraja la mtu kufika ofisini kwa waziri.

Shirika likajitoa mwanzoni mwa Julai. Morneau akajiuzulu Agosti 17, kesho yake Trudeau akaahirisha bunge na kamati zilizokuwa zinachunguza zikasimama. Mei 2021 kamishna akasema Trudeau hakuvunja sheria, Morneau ndo alivunja, kwa kuwa Craig Kielburger alikuwa rafiki yake na WE ilipewa mlango ambao wengine hawakupewa. Mpango wa wanafunzi ukafa. Wale vijana hawakupata zile dola elfu tano, na kati yao walikuwepo watoto wa kwetu, wa Mombasa na Goma na Bujumbura, ambao wazazi wao hawana namba ya simu ya mtu yeyote mkubwa.

Ya SNC-Lavalin wengi mnaijua kwa hiyo nitaipitia haraka, ila kuna mtu mmoja lazima nimtaje kwa heshima. Kampuni ya ujenzi ya Montreal ilishtakiwa 2015 kwa madai ya hongo ya mamilioni Libya. 2018 serikali ikachomeka ndani ya muswada wa bajeti kifungu kinachoruhusu kampuni kufanya makubaliano na kukwepa kesi, kitu ambacho kampuni ilikuwa inakipigia debe serikalini. Mwendesha mashtaka akakataa kuwapa. Hapo Jody Wilson-Raybould, Mwanasheria Mkuu, mwanamke wa watu wa asili wa pwani ya magharibi na wa kwanza kutoka watu wa asili kushika kiti hicho, akaanza kusukumwa aingilie uamuzi huo. Februari 27, 2019 alikaa mbele ya kamati akasoma kila kitu, watu kama 11, simu kama 10, mikutano kama 10, nani alisema nini na lini, wakimkumbusha kuhusu ajira, kuhusu uchaguzi wa Quebec. Hakupandisha sauti. Alisema anatokea kwenye ukoo wa watu wanaosema kweli kwa mujibu wa mila zao. Aprili akafukuzwa kwenye chama pamoja na Jane Philpott aliyemuunga mkono, Oktoba akagombea bila chama Vancouver Granville na akashinda. Kamishna alikuta Trudeau kavunja sheria, mara ya pili hiyo, na Trudeau akagoma kuomba radhi kwa maelezo kwamba alikuwa anatetea ajira. Wilson-Raybould alikuwa ndani kabisa ya mduara, meza alikuwa nayo, akaamua kusema hapana. Turner miaka 35 nyuma yake alisema hakuna jinsi, kumbe jinsi ilikuwepo.

Tenda nazo zina hadithi yake. Aprili 17, 2024 mtu mmoja alisimamishwa kwenye lango la ukumbi wa bunge, pale kwenye kizuizi cha shaba ambacho asiye mbunge haruhusiwi kuvuka, Spika akamkaripia na wabunge wakamhoji amesimama. Raia wa kawaida kufanyiwa hivyo haijatokea tangu 1913. Alikuwa mmoja wa wabia wawili wa GC Strategies, kampuni ya watu wawili, haikuwa inaandika programu, yenyewe ilikuwa inapata mkataba kisha inatafuta watu wa kufanya kazi na kukata chake. Ilihusika na ArriveCAN, ile app ya mpakani ya kipindi cha korona, ambayo Mkaguzi Mkuu Karen Hogan, CAG wao, Februari 2024 alikadiria iligharimu dola milioni 59.5, na hata hapo alisema kumbukumbu ni mbovu kiasi kwamba hesabu kamili haipatikani. Alikuta kampuni hiyo ilishiriki kuandaa vigezo vya tenda ambayo baadaye yenyewe ikaipata. Maafisa walikuwa wanaalikwa chakula cha jioni na wazabuni. 2025 Hogan akarudi na ripoti nyingine, tangu 2015 taasisi 31 za serikali ziliipa kampuni hii mikataba 106, na zililipa dola milioni 64.5.

Nina rafiki yangu, kijana wa Temeke, mtaalamu wa kuandika programu kwelikweli, amejaza fomu za tenda ndogondogo na maombi ya kazi mpaka amechoka, kila safari anaambiwa lete uthibitisho wa kazi za serikali ulizowahi kufanya. Sasa atautoa wapi kama hajawahi kupewa? Huyu akisoma kwamba kuna mtu alikaa na maafisa wakapanga vigezo pamoja, unataka aendelee kuiamini hiyo fomu? Mimi sina jibu la kumpa akiniuliza, nakaa kimya, na nakasirika.

Saivi waziri mkuu tunaye Mark Carney, kaingia Machi 2025 akitokea uenyekiti wa Brookfield Asset Management, kampuni yenye mkono kwenye umeme, majengo, miundombinu, karibu kila kitu ambacho serikali inakigusa. Mali zake kaziweka kwenye amana asiyoisimamia mwenyewe, na kumewekwa utaratibu wa kumzuia asishiriki maamuzi yanayoihusu Brookfield. Hayo ni matakwa ya sheria na ameyatimiza, simtuhumu. Lakini wanaoulinda huo utaratibu kila siku ni mkuu wa ofisi yake na katibu wa baraza la mawaziri, wote wawili yeye ndo anayewateua. Kumwambia bosi wako hapa usiingie, kila siku, miaka minne, ni mzigo mkubwa sana kumtwisha mtu ambaye ajira yake iko mkononi mwa huyohuyo bosi.

Mimi nimemwandikia mbunge wangu. Nimemwomba mambo matatu, faini ya kweli kwa kosa lenyewe na si kwa kuchelewa kujaza fomu, ile tume ya teuzi iliyoahidiwa 2006 ianzishwe, na ulinzi wa maslahi ya waziri mkuu ukae kwa kamishna badala ya wasaidizi wake. Kama uko Kanada mwandikie na wako, hata kama uraia bado hujapata. Barua ya kwenda kwa mbunge pale House of Commons haihitaji stempu.